Alama ya Kuuliza Iliyofutwa Masjala

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu wa hospitali. Wakuu wa vitengo. Wenzetu wote mliopo:

KARIBU MASJALA

Ahsante kwa kuja mwenyewe kuzindua mfumo wa kompyuta ambao tumeutumia miezi mitano sasa. Chumba ni kidogo na viti tumeazima maabara; tuwie radhi.

TULIYOYAFANYA

Tumehamisha picha elfu tisa za wagonjwa kutoka kwenye majalada. Hakuna hata moja iliyopotea. Kwa hilo tunatembea kifua mbele.

YALIYOMPATA MWENZETU

Mkongwe wetu, tunayemwita Mama Majalada, ana miaka ishirini na miwili humu. Mwezi uliopita daktari wa meno alimpa picha ya eksirei ya jino la fundi mwashi mmoja, akamwambia, "Andika 'ng'oa', uweke na alama ya kuuliza. Bado sina hakika."

Akaandika vivyo hivyo kwenye jina la faili ya picha hiyo: Ng'oa? Mfumo haupokei ritifaa, ule mkato wa juu katika ng', wala alama ya kuuliza katika jina la faili. Lakini haukumkatalia wala kumwonya. Ulizifuta kimya kimya, ukahifadhi. Kesho yake daktari wa zamu nyingine akasoma "Ngoa", akang'oa. Jino lilikuwa zima. Bovu lilikuwa la pembeni yake.

Mama Majalada aliitwa kwenye kikao cha nidhamu, akawekewa karatasi akiri kwamba alikosea kuandika. Daktari aliyemwagiza alikuwa ameshahama. Akashika kalamu, akairudisha mezani.

"Mwanangu," alimwambia mwenyekiti, "nikitia saini hapa, mfumo utameza swali jingine, na safari hiyo huenda lisiwe la jino."

Tangu siku hiyo yuko stoo, anapanga mashuka. Tulimwomba asome risala hii, akakataa. "Nikisoma mimi, itaonekana najitetea." Amekaa pale safu ya nyuma.

TUNALOUNGAMA

Sisi wengine tuliona alama zikitoweka tangu wiki ya kwanza. Mmoja wetu aliuliza ofisi ya kompyuta, akajibiwa kwamba jina la faili si barua ya mapenzi. Tukacheka, tukaendelea na chai. Hatukumwambia mtu mwingine, hata Mama Majalada. Na kikaoni tulikuwepo wote, macho sakafuni.

TUNACHOOMBA

Wako kati yetu wanaotaka mfumo upokee kila alama, maana bila ritifaa huwezi kuandika ng'ombe, wala hiyo ng'oa yenyewe. Wengine wanasema alama hizo huzikwaza kompyuta zinapopelekeana faili, bora zipigwe marufuku. Hatujaafikiana, na hatutaki kukudanganya. Ila kwa hili tuko kitu kimoja: mfumo ukikataa, ukatae mbele ya macho ya mwandishi, naye atafute neno jingine. Usimsahihishe mtu kisirisiri kisha ukamwachia lawama.

Tunajua pia kwamba barua ya kumwachisha kazi Mama Majalada iko mezani kwako, inasubiri saini yako leo. Tunaomba usiisaini. Kama ni lazima ibebe jina la mkosaji, majina ya waliojua wakanyamaza tumeyaandika nyuma ya ukurasa huu, na kila mmoja ametia saini mbele ya jina lake.

Mwenyezi Mungu akujalie subira ya kuusoma ukurasa huo, na moyo wa kuamua kwa haki.

Ni sisi, wafanyakazi kumi na wawili wa masjala, tukimhesabu na aliyehamishiwa stoo.