Kidole na Utando Ulioondolewa

Ndugu waombolezaji, marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1981, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya bibi yake mzaa mama, ambaye ndiye aliyemlea na ndiye aliyeyasimulia haya yaandikwe, kwa kuwa kalamu hajui kuishika, lakini kusahau pia hajui.

Alianza shule ya msingi mwaka 1988, alipofika darasa la tatu akaanguka mstarini, ikaonekana ana kisukari, na tangu hapo akawa anachomwa kidole kila asubuhi, huku akilia, "Bibi, kwani hii sukari haiwezi kusema yenyewe?", na swali hilo likamvusha sekondari mpaka chuo kikuu, alikohitimu kemia mwaka 2005.

Mwaka 2008 aliajiriwa na kampuni inayotengeneza vipimo vya sukari, na kazi yake alimweleza bibi jikoni hivi, kwamba kwenye kijikaratasi cha kupimia hupakwa kimeng'enya, mlaji mchaguzi asiyegusa kitu kingine kwenye damu ila sukari, akila hutoa umeme kidogo, mashine ikausoma na kutoa namba, na bibi akamjibu, "Basi huyo mlaji ana adabu kuliko wajomba zako." Wenzake walimpachika jina la Kidole, maana kila kijikaratasi kipya alikijaribu kwanza kwa damu yake, hadi ncha za vidole zikawa sugu, akawa anaepua sufuria bila kitambaa.

Tarehe 6 Juni 2010 aliolewa na fundi wa majokofu, aliyeitwa kutengeneza friji la vimeng'enya na likawa linaharibika kila wiki bila sababu, na mwaka 2012 wakajaliwa binti mmoja.

Kilichomkosesha usingizi Kidole ni dawa ya homa, kwani mgonjwa akiimeza nayo hutoa umeme wake, mashine isijue huu ni wa nani, ikahesabu sukari isiyokuwepo, hivyo akabuni utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, unaopitisha sukari na kuizuia dawa, lakini mwaka 2019 mkuu wake akauondoa, akisema unachelewesha namba na mteja hana subira, Kidole akapiga kelele vikaoni, akaambiwa, "Dada, mbona unatutilia mkosi?", na onyo kuhusu dawa hiyo likachapwa kwenye boksi kwa herufi ndogo kama sisimizi.

Mwezi Januari mwaka huu alipata maambukizi ya figo, akawa anameza dawa ya homa mfululizo, na tarehe 2 Februari tukamfikisha hospitali, akapimwa kwa mashine ya kampuni yake mwenyewe, namba ikapanda, akamshika muuguzi mkono, "Sista, hiyo namba ni ya dawa, peleka damu maabara kwanza," muuguzi akacheka kwa upole, "Mama, wagonjwa wa siku hizi mnaijua mashine kuliko mashine yenyewe," akachomwa insulini, akaongezwa namba ilipogoma kushuka, na majibu ya maabara yalipofika, kwamba sukari ilikuwa imekwisha mwilini, shuka lilikuwa limeshamfunika uso.

Tunawashukuru majirani waliolala nasi chini, tunawashukuru madaktari, hasa yule aliyelia nasi, tunawashukuru wafanyakazi wenzake kwa shada kubwa, na kwa mkuu wao aliyeketi pale mbele, bibi anasema shada amelipokea, ila anaomba ule utando urudishwe, maana binti wa marehemu naye, tangu mwaka jana, anachomwa kidole kila asubuhi.

Pumzika kwa amani, mjukuu wetu, na vidole vyako navyo vipumzike.