Seneta Ozella Pickens na Mstari Uliopita Harlow

Marehemu Ozella Mae Pickens alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 mjini Harlow, karibu na Mto Mississippi, mtoto wa kwanza wa Bwana Hosea Tunstall na Bibi Lutie. Baba yake alilima pamba ya watu maisha yake yote, na alipiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 1965, akiwa na miaka hamsini na miwili.

Alisoma shule ya watoto weusi ya Harlow, kisha chuo cha ualimu, na kwa miaka kumi na minane alifundisha hesabu. Mwaka 1964 aliolewa na Bwana Cleotis Pickens, fundi wa matrekta, wakajaliwa watoto wawili. Bwana Cleotis alitangulia mwaka 1998.

Hapo zamani mipaka ya wilaya za uchaguzi za Seneti ya jimbo letu ilichorwa kwa ujanja, watu weusi wakagawanywa huku na huku wasifue dafu popote. Mwaka 1983 mahakama iliamuru ichorwe upya. Ndipo ikazaliwa Wilaya ya 31, na Mwalimu Ozella akawa seneta wake wa kwanza mweusi. Siku ya kuapishwa bawabu alimwambia, "Mama, wafagiaji hupita mlango wa nyuma." Akamjibu, "Haya mwanangu, nipe huo ufagio. Humu ndani mna uchafu wa miaka mia."

Wasifu huu hautaficha jambo la mwaka 2002. Ramani ilichorwa tena, na wakubwa wa Seneti wakamtaka achague: wilaya yake ibaki na mtaa wa kanisa letu la Mount Olive, ng'ambo ya reli, au ibaki na Harlow. Waumini wa Mount Olive ndio waliompigia kampeni mlango kwa mlango tangu mwanzo. Akachagua kanisa, akatia saini. Harlow ikatupwa kwenye wilaya ya seneta ambaye hatukuwahi kumwona hata kwa dawa.

Mdogo wake, Ardelia, alimfuata jikoni kwake siku ileile.

"Dada, umetuuza kwa benchi la kanisa!"

"Mdogo wangu, ningekosa kiti mngebaki na nani?"

"Na sasa tumebaki na nani?"

Mwaka 2009 hospitali ya Harlow ilifungwa na hakuna aliyesimama Senetini kuitetea. Mwaka uliofuata Verlon, mume wa Ardelia, alishikwa na ugonjwa wa moyo akafia njiani, hospitali ya karibu ikiwa maili arobaini na saba. Ozella alikuja na keki ya siagi, kama tufanyavyo kwenye misiba. Keki ilipokelewa, mlango ukafungwa.

Mwaka 2011 aliacha kiti. Tangu hapo kila ramani ilipojadiliwa alisafiri hadi makao makuu ya jimbo, akasimama mbele ya kamati na kusema, "Mstari ule niliukubali mimi. Nilikosea." Walimshukuru kwa kufika. Mwaka 2022 Harlow ilikatwa vipande vitatu. Iliuma, na inatuuma bado.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2020. Alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, saa mbili asubuhi, akiwa na miaka themanini na mitatu.

Ameacha watoto wawili, Marvella na Thaddeus, wajukuu watano, na mdogo wake Ardelia, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya. Jumamosi kabla ya kufa alimpigia simu Ardelia, mara ya kwanza baada ya miaka kumi na minne, akamwomba auandike wasifu wake. "Usinipambe," alisema. "Iandike na ramani." Ardelia alimjibu kwamba atafikiria, akakata simu. Alifikiria Jumapili, akafikiria na Jumatatu.

Dada, nimeandika. Pumzika sasa.