Mama Anayecheka wa Ukurasa wa Ndani

Mashua iliondoka Lubunga kuelekea Makiso, ng’ambo ya pili ya mto. Déborah, mjamzito wa mimba ya kwanza, alikaa nyuma ya bwana mmoja aliyeshika karatasi ya kukunja, tangazo la kituo kipya cha uzazi, aliyokuwa akiipeleka kuchapishwa. Mama aliyekaa kando ya bwana huyo aliichungulia.

“Papa, uyu wa kravate shingoni hapa mbele ni nani?”

“Directeur wa kituo, mama. Chef lazima akuwe mbele.”

Kweli, Déborah hajaona karatasi mjini isiyoanza na uso wa mkubwa.

“Bon, ni yeye atazalisha bamama?”

“Hapana! Mwenye kuzalisha iko ndani.” Aliifungua karatasi. “Muone, anacheka na mutoto mukononi.”

“Alors umutoshe inje, umuweke mbele! Mwanamuke mwenye kuogopa hatafungua karatasi.”

“Mama, unataka banifukuze kazi?”

Walivutana hivyo, kwa upole, mpaka mashua ikagusa ng’ambo. Déborah, ambaye mama yake alibaki mbali, Isangi, na ambaye hajamwambia mtu kwamba anaogopa, alimgusa yule bwana begani.

“Pardon, papa. Ule mama mwenye kucheka, anafanyaka kazi siku gani?”