Donat Kapya na Farasi Aliyesimama kwa Salamu

Siku ile ya tarehe 21 Julai 1937, pale njia inapokata reli hapa Élisabethville, waliokuwapo ni hawa: Madame Simone, aliyekuwa juu ya farasi, Mzee Chomba, mtunza farasi wa kwanza wa zizi, Ngosa, mwenzake wa kazi, Adolphine, binti wa Kasai mwenye beseni la viazi vitamu kichwani, na Donat Kapya, yule tuliyemlaza leo mbele yenu. Farasi naye alikuwapo, jina lake Tonnerre, yaani Ngurumo, na ndugu zangu, jina lile halikuwa la bure! Wote hao, ukimwondoa farasi na marehemu mwenyewe, wamo katika kilio hiki, mnaweza kuwageukia na kuwatazama, na kabla jua halijatua watawathibitishia kila neno ninalowasomea.

Marehemu Donat Kapya alizaliwa tarehe 3 Mei 1912 huko Mitwaba, mtoto wa pili wa Tata Edouard Kapya na Mama Brigitte, wazazi wakulima, wenye shamba dogo la mihogo na mlango usiofungwa kwa mgeni. Baba yake alipopata kazi ya reli, jamaa yote ilihamia hapa mjini mwaka 1921, na Donat akaingia shule ya msingi ya mapadri mwaka huohuo, akajifunza kusoma, kuandika na kuimba misa, akamaliza mwaka 1927. Mwalimu wake alimsifu kwa jambo moja tu, kwamba hakuwahi kumcheka mwenzake aliyekosea ubaoni, na hiyo sifa, wapendwa, aliibeba mpaka kaburini.

Tarehe 1 Februari 1930 alianza kazi katika zizi la farasi lililokuwa kwenye njia ya Luano, na mtu asidhani kwamba alianza kwa ushujaa! Alimwogopa farasi hata kwa mbali, na siku ya kwanza alimwendea mmoja kutoka nyuma, kimya, amenyata kama mtu anayekamata kuku, naye farasi akarusha teke lililovunja ndoo vipande na kumwachia Donat mshikio mkononi. Mzee Chomba, aliyekuwa amekuja na farasi kwa gari-moshi kutoka kusini, alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akamwinua kwa mkono wake mwenyewe na kumwambia, «Mutoto, ile nyama iko naogopa kupita weye. Pitia ku bega, ongea mbele ya kugusa, ajue ni weye.» Donat aliishi na maneno hayo. Tangu siku ile hakumwendea tena farasi bila kupitia upande wa bega, bila kutoa sauti kwanza, na hakuna kiumbe mwingine katika zizi lile, mtu au mnyama, ambaye Donat alimwendea kwa kumvizia.

Mzee Chomba alimfundisha kusoma masikio kama watu wanavyosoma kitabu: masikio yakielekea mbele, farasi ameona kitu, nawe tazama huko anakotazama, yakilala nyuma shingoni, amekasirika au ana maumivu, ondoka hapo, na sikio moja likikugeukia wewe uliye juu yake, furahi, maana anakusikiliza! Alimfundisha pia kwamba farasi akikataa kwenda, usimwite mkaidi kabla hujapitisha kiganja chini ya tandiko kutafuta kidonda, na kuinua kila kwato kutafuta jiwe. Donat alipenda kusema kwamba katika farasi wakaidi alioletewa maisha yake yote, wengi walikuwa wagonjwa wa mgongo, na waliobaki walikuwa waoga, na mkaidi wa kweli alikuwa bado anamngojea.

Mwaka 1936, mwezi wa Oktoba, ndipo aliposhuka Tonnerre kutoka behewani, mwekundu kama udongo wetu, paji la uso jeupe, mzuri mpaka watu wa reli waliacha mizigo wakamtazama. Lakini kabla ya Noeli alikuwa amekwisha kumwangusha mpandaji na kumvunja mfupa wa bega, na mume wa Madame Simone, mwenye mali, akasema mbele ya wote kwamba farasi huyo atatembea katika maandamano ya sikukuu ya Wabelgiji ya mwezi wa Julai kama farasi wengine, na akifanya wazimu tena, jioni yake atapigwa risasi. Madame Simone alilia. Alikuwa anampenda, lakini alikuwa anamwogopa pia, na ni haki yake kuogopa, maana bega linalovunjika haliulizi ni la nani. Ndipo alipokuja zizini, akavua glovu zake, akamwomba Donat amfundishe farasi, na kumfundisha yeye pia.

Wapendwa, miezi ile! Donat alitoka nyumbani ndege hawajaamka, akifurahi kama mtu anayekwenda harusini. Hakumpanda Tonnerre hata kidogo mwanzoni, alitembea naye tu, kamba mkononi, wakisimama pamoja na kuondoka pamoja, mpaka farasi akajua kwamba mtu huyu hana ghafla ndani yake. Alimpa tandiko alinuse kwanza, akamwekea gunia mgongoni, kisha blanketi, kisha tandiko lenyewe, na ukanda wa tumbo aliukaza kidogokidogo, akimtembeza kati ya mkazo na mkazo, maana nani kati yetu anapenda kubanwa tumbo kwa mara moja? Alichomfundisha kwa mkono wa kushoto alimfundisha tena upya kwa mkono wa kulia, kwa sababu, alisema, farasi ana jicho moja kila upande na kila jicho lina shule yake. Alimwambia Madame Simone, «Akikutii, legeza kamba palepale, ile ndiyo aksanti yake,» na alimwonyesha kuacha somo wakati mambo yanakwenda vizuri, farasi alale akiwa na ushindi, si akiwa na aibu.

Na kila alipotaka asimame, Donat aliweka kiganja juu ya kifua chake, palepale mapigo yanapogonga, akamwambia taratibu, «Moyo, moyo,» yaani tuliza moyo wako, rafiki, kisha akamkuna chini ya manyoya ya shingo. Farasi alilipenda neno lile kuliko chumvi. Ilifika mahali Donat akitamka moyo kutoka ng'ambo ya uwanja, Tonnerre anasimama kama amepigwa msumari, anashusha kichwa, anangojea kukunwa.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa, na ni kosa ambalo pengine lingewezekana katika mji huu wetu tu! Donat ni mtu wa Mitwaba, kwake moyo ni moyo, lakini ndugu zetu wa Kasai wanaposalimiana wanasema nini? Wanasema moyo! Jumapili moja ya mwezi wa Juni, Madame Simone alimpitisha Tonnerre kando ya mtaa wetu wa Kenya wakati watu wanatoka misa, Donat akitembea ubavuni, kifua mbele, na mama mmoja akamwita shoga yake, «Moyo wenu, mamu!» Farasi akasimama. Shoga akajibu, «Moyo!» Farasi akashusha kichwa. Akina baba wakavua kofia kusalimiana upande huu, watoto wakasalimia bibi zao upande ule, na Tonnerre alisimama kwa kila salamu, akielekeza shingo akunwe, na Madame Simone kila mara akabaki ameikumbatia shingo ya farasi. Barabara nzima ilicheka. Binti mmoja mrefu mwenye kitambaa cha kijani ndiye aliyepiga kelele kupita wote, «Ah! Ule farasi iko Muluba wa Kasai! Tata, mupeleke kwetu, tumupikie bukari!» yaani ugali.

Donat alirudi zizini na aibu tele. Akawaambia wote wasilitamke tena neno lile mbele ya farasi, akaanza kumfundisha asimame kwa neno simama, na Mzee Chomba akatikisa kichwa, akamwonya kwamba neno la kwanza la upendo halifutwi kwa sababu watu wamecheka. Donat hakumsikia. Sikukuu ilikuwa karibu.

Ikafika tarehe 21 Julai, Jumatano, vumbi la kiangazi, bendera kila mahali, na fanfari, bendi ya tarumbeta na ngoma, imejipanga. Donat alikuwa amemzoesha Tonnerre kusikia ngoma, kwanza kutoka mbali farasi akiwa anakula, kisha karibu zaidi kila mara ambapo farasi aliendelea kutafuna, na hiyo ndiyo njia njema, wala ngoma hazikumtisha. Lakini nani alifikiria matoazi? Zile shaba mbili zilipogongana, jua likang'aa ndani yake na sauti ikapasuka, Tonnerre aliruka upande, akatoka mbio kwenye barabara inayoshuka kwenda reli, na Madame Simone juu yake, kofia imekwenda, akivuta hatamu kwa mikono yote miwili. Na farasi anayevutwa namna ile hupata kitu cha kuegemea, anakimbia zaidi! Donat na Ngosa walikimbia nyuma yao wakipaza sauti, «Simama! Simama!» na neno lile la shule mpya lilipotea katika vumbi. Mbele, gari-moshi lilikuwa limekwisha kupiga filimbi. Donat aliona moshi wake, akaona mgongo wa yule mama, na, kama alivyowaambia watoto wake baadaye, aliona vilevile bunduki ya jioni.

Pale kwenye reli alikuwa amesimama yule binti mwenye kitambaa cha kijani, Adolphine, na beseni lake. Wengine walitawanyika. Yeye alitupa beseni chini, viazi vikabingirika, akapanua mikono kama anampokea mjomba aliyetoka safari, akapaza sauti yake yote, «Moyo wenu, tatu! Moyo!» maana kwao tatu ni baba. Na akina mama waliokuwa kando ya njia, waliokumbuka ile Jumapili, wakaitikia pamoja, «Moyo! Moyo wenu!»

Sikio moja la Tonnerre liligeuka. Kisha la pili. Alichimba vumbi kwa kwato nne, akasimama mbele ya Adolphine, jasho linamtiririka, akashusha kichwa, akangojea kukunwa. Gari-moshi lilipita nyuma ya mgongo wa binti huyo, behewa kwa behewa, naye alimkuna farasi mpaka la mwisho lilipopita, ingawa yeye mwenyewe hakuwa amegusa farasi tangu azaliwe!

Donat alifika hana pumzi. Alimshusha Madame Simone, akalegeza ukanda wa farasi, maana mnyama hutangulia, kisha akamgeukia binti na, kwa kuchanganyikiwa, akaweka kiganja kifuani pake mwenyewe, akasema, «Moyo.» Adolphine akamjibu, «Miye si farasi, baba. Okota kwanza viazi vyangu.» Na aliviokota vyote, Ngosa na Mzee Chomba wakimsaidia, na Madame Simone naye akapiga magoti katika vumbi kwa nguo yake nyeupe, akaokota. Jioni ile alimwambia mume wake kwamba farasi aliyesimama mbele ya gari-moshi kwa sababu ya salamu ana adabu kuliko wageni wao wengi, na bunduki ikabaki kabatini.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Adolphine Jumamosi tarehe 11 Juni 1938, jamaa za Mitwaba na jamaa za Kasai zikala sahani moja, na Mungu akawajalia watoto watatu: Constance, aliyezaliwa mwaka 1939, Anaclet, mwaka 1942, na Agnès, mwaka 1946, na tayari mjukuu mmoja, yule anayenyonya hapo mbele. Aliwalea kama alivyofundisha farasi, hakuwajia kwa ghafla, hakuadhibu leo kosa la jana, na mtoto akifanya vizuri alilegeza kamba palepale. Mwaka 1948 Mzee Chomba aliacha kazi kwa uzee, na Donat akawa mtunza wa kwanza wa zizi, akafundisha wapandaji wengi, wa kila rangi, na kwa kila mmoja alianza kwa kumsimulia kosa lake la ndoo na kosa lake la salamu, ili mwanafunzi asione haya kukosea.

Mwezi wa Januari 1957, katika mvua, kifua kilianza kumsumbua, akalazwa tarehe 19 Februari, na akaitwa na Bwana Alhamisi tarehe 14 Machi 1957, alfajiri, mkono wake ndani ya mkono wa mke wake.

Jamaa inawashukuru waganga waliojitahidi mpaka mwisho, na yule muuguzi, Madeleine, aliyeleta mto kutoka nyumbani kwake alipoona marehemu hawezi kulala chali. Inawashukuru majirani wa Kenya waliopika bukari bila kuombwa, na waliomchukua mtoto mchanga ili mama yake apate kulia. Inamshukuru Ngosa na wenzake wa zizi, waliofanya kazi ya marehemu pamoja na yao ili nafasi yake isichukuliwe na mwingine, na Madame Simone, aliyekaa leo juu ya mkeka kati ya wamama, viatu mkononi.

Tata Donat, umefika, shuka sasa, ukanda umelegezwa, utulize moyo wako katika amani ya Mungu.

Tonnerre alikufa kwa uzee mwaka 1951, na farasi wote waliofundishwa baada yake katika zizi lile, mpaka asubuhi ya leo, wanasimama kwa neno moyo.