Taipureta ya Bibi Ottilie Haiongezwi Kitu

Sikilizeni wanangu, Gernot na wewe Wiebke, acheni kunong'ona hapo mlangoni kana kwamba nimeshakufa. Vuteni viti, maana pumzi niliyo nayo leo sitaki kuigawa mara mbili.

Nyumba hii ya hapa mjini Zittau ni yenu nusu kwa nusu, na miti ya plamu iende na nyumba, asigombane mtu. Imebaki taipureta ya bibi yenu, mama yangu Ottilie, ambayo Gernot umeshamwonyesha mnunuzi, na usinikunjie uso, ukuta wa jikoni ni mwembamba. Taipureta ni nzima. Iliundwa wakati wa vita, na mpaka leo kigari chake kinateleza, kengele inalia, na kila herufi inagonga sawasawa, isipokuwa ukibonyeza tano pamoja na kitufe cha herufi kubwa: chuma kinapiga, karatasi inabaki nyeupe. Huyo bwana anaiita kasoro, na anasema akichomelea tena alama ya zamani, ile ya radi mbili ya wale askari wa Kinazi wenye sare nyeusi, bei itapanda mara tatu.

Si kasoro. Bibi yenu alikuwa karani katika ofisi yao, akipiga kwa taipureta hii majina ya watu wa kuchukuliwa wakauawe, na jina la jirani yake Rahel, aliyemfundisha kushona, lilipita chini ya vidole vyake. Vita vilipokwisha aliileta nyumbani kwa mkokoteni, akakaa mezani na tupa, akaisaga alama ile mpaka ikaisha. Wengi walifanya hivyo kwa kificho, wakiwaogopa askari wa Kirusi; yeye alifanya mchana, dirisha wazi, akilia. Kisha miaka mingi akawapigia wanawake barua za kuwatafuta waume zao waliopotea vitani, bila malipo, na mwenye viazi alileta viazi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Asitokee mtu wa kumsahihisha.

Wiebke, najua umeitengea kabati la kioo. Huipati. Mashine isiyogongwa hushika kutu. Nampa Gernot, ambaye mikono yake ndiyo iliyokaza springi zake, na anayejua bei ndiye anayeweza kuikataa. Usiache mbachao kwa msala upitao, mwanangu. Mpigie huyo bwana simu sasa, hapa hapa, nisikie.

Amepandisha? Mwambie mama yako hakuuliza bei. Mwambie haiuzwi, wala haiongezwi kitu. Kata.

Ahsante, baba. Wiebke, niinulie mto... hapo. Mkinizika, msinunue maua, chumeni ya bustanini, kisha mle keki na kahawa, na anayetaka kucheka acheke. Mungu awashike mikono... yote minne. Gernot, weka karatasi kwenye taipureta. Andika jina lako... na la dada yako. Taratibu. Nataka kuyasikia... majina yanayobaki nyumbani.