Kurasa za Nyuma za Daftari la Vibali

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanaushirika, na nyinyi akina mama wa matofali mliojipanga huko juani kuikimbia baridi ya Sumbawanga, asanteni kwa kunipa nafasi. Mwenyekiti ameniomba niseme kwa kifupi. Mimi na ufupi hatujawahi kupatana, lakini nitajitahidi.

Wengi mnanijua kama fundi mwashi. Wengine, naona mmeanza kucheka hapo nyuma, mnanijua kwa jina la Bomoa. Jina hilo sikupewa na wazazi. Nilijitafutia mwenyewe.

Mnakumbuka tulipopata mkoa wetu, mji ulivyoanza kujengwa mbio mbio. Kila mtumishi aliyehamia alitaka nyumba, na mimi nilikuwa na kazi tatu kwa wakati mmoja. Asubuhi huku, mchana kule, na timazi yangu, ile kamba ya kunyooshea ukuta, ikawa inakaa mfukoni zaidi kuliko ukutani. Katika wenye kazi hizo tatu alikuwemo mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa dresa wa zahanati, mfunga vidonda. Alinikabidhi nyumba yake ya kwanza na ya mwisho maishani. Nami nikampandishia kuta katikati ya masika, kwa udongo mweusi wa bondeni ambao sikuuchekecha, kwa sababu ulikuwa karibu. Jioni sikufunika kitu. Niliona mvua inanijua.

Jumamosi moja mchana, watu wakitoka sokoni, ukuta wa upande ukalala. Uliangukia choo cha jirani, na jirani alikuwa ametoka humo dakika ile ile, bado anafunga mkanda. Chekeni tu. Siku ile mimi sikucheka. Nilikimbia. Sikukimbia kuita watu, ndugu zangu, nilikimbia nyumbani kwangu nikafunga mlango. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko ukuta wenyewe.

Mkaguzi wa majengo akaamuru kuta zote zibomolewe. Mzee akabaki na msingi na lundo la matofali, mimi nikabaki na jina.

Baada ya hapo hakuna aliyenipa kazi. Niliomba kujenga banda la kuku, nikaulizwa kama nina mdhamini. Nikarudi kijijini kwetu Mpui kulima maharage na ulezi. Kulima si aibu, lakini kila nikipita penye ukuta wa mtu, mikono ilikuwa inaniwasha. Mke wangu ni mtu wa Kaoze, huko bondeni, na hajui kuzunguka maneno. Siku moja alisimama pembeni ya shamba akaniangalia, akasema, "Baba watoto, unapiga jembe kama unapiga plasta. Rudi mjini kabla hujaharibu na maharage."

Nikarudi. Nikaenda ofisi ya viwanja kuomba hata kazi ya kubeba mawe. Pale mezani alikuwapo mama karani, yule anayetoka Mbeya. Kazi hakuwa nayo, lakini alikuwa na daftari kubwa.

"Kila kibali cha kujenga kinaandikwa humu," akaniambia. "Jina la mwenye kiwanja, namba, siku kilipotolewa na siku kinapokwisha. Kama wewe ni fundi, soma uone nani anataka kujenga. Ni daftari la wananchi. Lisitoke mezani tu, na usinitilie matope."

Nilifurahi kama nimeokota ng'ombe! Nikaanza na ukurasa wa mwisho, wenye vibali vipya. Nikinakili jina, natoka mbio hadi kwenye kiwanja. Lakini wenzangu nao si wajinga. Nilikuta fundi ameshafika, kamba zimeshavutwa. Na nilipowahi mimi, mwenye nyumba alinikaribisha vizuri, akanipa na kigoda, kisha akanitazama usoni. "Ngoja kwanza. Si wewe Bomoa?" Nilikuwa naondoka kabla chai haijamiminwa.

Asubuhi moja nikamkuta mama karani anakata majina kwa wino mwekundu, kwenye kurasa za nyuma ambazo sikuwahi kuzifunua.

"Mama, hawa wamekosa nini?"

"Hawajafikisha nyumba usawa wa lenta, pale juu ya madirisha. Muda ukiisha, kibali kinafutwa na kiwanja anapewa mwingine."

"Mbona hawajengi?"

"Kwa saruji ipi, fundi? Wewe umeiona wapi?"

Nikaomba nizione hizo kurasa. Ndugu zangu, nawaambia, jina la tatu lilikuwa la yule mzee wangu, dresa. Lilikuwa halijakatwa. Zilibaki wiki tano. Mimi nilidhani nimemvunjia ukuta tu, kumbe namnyang'anya na kiwanja.

Nikamweleza mke wangu: nataka kumjengea mzee, lakini saruji hakuna. Akanijibu bila kuacha kupepeta ulezi, "Babu yako aliyeyusha chuma kwenye tanuru la udongo refu kukuzidi. Lipo mpaka leo linanyeshewa. Saruji alipewa na nani?"

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Mnayajua malungu, matanuru hayo ya wazee wetu, tumeyaegemea tukichunga. Kesho yake nikaenda kulikwangua lile la babu kama mgeni aliyetumwa kulichunguza. Udongo wa kichuguu, uliochekechwa na kukandwa mpaka ukawa laini. Basi.

Kumkabili mzee ndiyo ilikuwa kazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni nani mwenzangu?" Alikuwa ananijua vizuri sana.

"Ni mimi niliyekimbia."

Akasema, "Nilikuwa nakungoja. Ukuta kuanguka, sawa. Hata mimi nilifunga bandeji zikafunguka. Lakini sikuwahi kumkimbia mgonjwa."

Nikamwomba radhi, nikamweleza habari ya kichuguu. Akaniruhusu nijenge kona moja tu, kimo cha goti. Ilipokauka, kila asubuhi kwa siku tano aliimwagia ndoo nzima ya maji, mimi nimesimama pale natetemeka kwa baridi na kwa hofu. Alimwaga kama mtu anayelipiza kisasi, na nadhani alikuwa anakilipiza. Siku ya tano akaikwaruza kona kwa ukucha, akakagua ukucha, akaweka ndoo chini. "Anza kazi," akasema.

Hapo ndipo nyinyi akina mama mlipoingia, mkanichekechea udongo mkiimba, bila kuniuliza habari za Bomoa. Kila jioni nilifunika kuta kwa nyasi kama ninafunika watoto. Lenta tulizilaza siku moja kabla ya kibali kwisha.

Mkaguzi akaja na nyundo yake, yule yule aliyeamuru tubomoe. Akagonga huku, akagonga kule.

"Saruji mmeitoa wapi?"

"Hakuna hata kijiko," mzee akajibu.

Akagonga tena, kwa nguvu. Kisha akatoa karatasi ya kupitisha kuta. "Jina la fundi?"

Mimi nikainama. Mzee akasema, "Andika jina lake lote, na la baba yake pia. Ni fundi wangu." Nililia, ndugu zangu, mtu mzima mbele ya serikali, wala sioni haya.

Tangu siku ile nimekuwa nikienda kwa watu wa kurasa za nyuma, mmoja baada ya mwingine, na kazi imekuwa nyingi mpaka nikawaita nyinyi tuungane. Basi mafundi wenzangu, mkienda pale ofisini, acheni kugombania majina mapya. Mtafuteni aliyekwama, mumuulize amekwama kwa nini. Na kama ni wewe uliyemkwamisha, nenda kwake kwanza.

Namshukuru mama karani. Nawashukuru akina mama wa matofali. Mke wangu nimeshamshukuru nyumbani, akasema maneno hayapikwi, nimchotee maji.

Na mzee, ambaye yuko pale mbele anajifanya hasikii, sina la kumlipa. Nyumba imeshaezekwa. Anahamia Jumamosi. Lakini ameniambia yeye ni mtu wa hospitali, anataka uhakika: mimi nitangulie kulala humo usiku wa kwanza, ndipo yeye afuate.

Nimemwambia, mzee, tunakuja na watoto wote.