Ukindu Juu ya Moshi

Bwana asifiwe, akina mama. Asante kwa kiti, lakini nitasema nikiwa nimesimama. Mnanijua. Nikikaa, miguu inaanza safari bila mimi, na leo nataka tufike mwisho pamoja.

Mlinipokea hapa Giakanja niliporudi kutoka Pwani nikiwa mjane. Mzee wangu alikuwa mpishi kule, na mimi nilikuwa msusi wa mikeka. Jirani ndiye alinifunza: unachemsha majani ya ukindu na rangi, unayachana membamba, unasuka ukanda mrefu, halafu unashona kanda hizo mpaka zinakuwa mkeka. Lakini nakshi za maua za jirani sikuzisuka. Nilikuwa natoka asubuhi maji yakiwa yamekupwa, naangalia ile mikunjo inayobaki kwenye mchanga, na hiyo mikunjo ndiyo nilikuwa nasuka. Bluu, nyeupe, na kijani ya mwani. Mzee wangu alikuwa akinitania ati tunalala juu ya bahari na hatujui kuogelea.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, kwa mama yangu nilirudi nusu. Kila asubuhi nilikuwa nampikia uji, kisha nateremka Nyeri mjini mpaka steji, nasimama tu nikiangalia magari ya Mombasa yakijaa. Makanga mmoja alinizoea. "Mathe, leo unaenda?" Namwambia kesho. Jioni nikiingia nyumbani, mama ananiuliza, "Umerudi?" Na ananiona kwa macho yake! Swali hilo lilikuwa linanichoma. Miguu yake ilikuwa imevimba, hakuweza kufika mlangoni bila kushika ukuta, na alijua moyo wangu hauko pale.

Na kusuka nako kulikuwa kumekataa. Mnaijua Julai yetu, jua linajificha wiki nzima. Kila mkeka nilioanza ulishika kuvu kabla sijaushona, madoadoa meusi, harufu ya gunia la viazi lililosahaulika. Nilitupa mmoja, nikatupa mwingine. Mwishowe nikabaki na mzigo mmoja tu wa ukindu, ule tuliochemsha na mzee wangu akiwa bado na nguvu. Nikasema kwa sauti, nikiwa jikoni, "Huu nao ukioza, mimi narudi Pwani." Mama alikuwa hapo.

Siku moja natoka steji, napata mzigo hauko kwenye kona. Nauliza. Mama ananyoosha kidevu juu. Ati itara! Pale juu ya moto, tunapokausha kuni na kuweka mahindi ya mbegu.

Nawaona mnacheka. Mimi sikucheka. Kwa siku nzima ya moshi wa kuni mbichi, ile bluu yangu ilikuwa imegeuka rangi ya chai, na niliposhika jani, likakatika. Ukindu unataka unyevu, jamani, si moshi! Nikapiga kelele mpaka kuku wakatoka nje. "Umenimalizia bahari yangu!"

Mama akasema polepole, "Si nilidhani itaoza kama zile zingine? Mbegu yote ya hii nyumba hukaa hapo."

Nikauchomeka ule mzigo kwenye begi, nikaondoka.

Pale steji manyunyu yalikuwa yananyesha. Gari lilikuwa halijajaa, nami kungoja siwezi, kwa hiyo vidole vikachomoa majani yaliyotokeza kwenye begi vikaanza kusuka vyenyewe. Nikashtuka. Hayakatiki. Maji kidogo tu yalikuwa yameyalainisha, na moshi umeingia mpaka ndani. Makanga akaja, "Mathe, leo unaenda?"

Nikafungua mdomo niseme ndiyo. Hapo ndipo kikanijia akilini kile kigoda cha jikoni. Nilikuwa nimekiruka nikitoka, kimelala ubavu kando ya moto, na kwa hasira sikujiuliza. Akina mama, itara yetu iko juu. Mtu asiyefika mlangoni bila kushika ukuta, alipandaje? Ni nani alimshika? Nyumbani hapakuwa na mtu. Mimi nilikuwa steji.

Nilimpita yule kijana na begi langu. Nilipanda mlima nikikimbia nusu, natembea nusu, nikiomba Mungu nimkute mzima.

Nilimkuta amekaa palepale, goti limechubuka, kitambaa amejifunga mwenyewe. Akainua uso. "Umerudi?"

Nililia kama mtoto.

Ule ukindu wa moshi niliusuka wote. Mvua zimepita juu yake, na kuvu haijaugusa mpaka leo. Mikunjo ni ileile ya mchanga, ila sasa ina rangi ya chai. Jirani yangu wa Pwani hunitumia majani, na nyinyi mnaniwekea kwenye itara zenu, mkilalamika ati jikoni kwenu kunanuka bahari. Asanteni. Asanteni pia kwa siku mnazokaa na mama nikiwashwa na miguu, kwa sababu bado inaniwasha, sitawadanganya.

Somo nililo nalo ni hili tu. Kitu chako kikiharibika mikononi mwa mtu, kabla hujapiga kelele, angalia alipanda wapi ili akuwekee.

Mama ndiye yule pale nyuma, ameukalia huo mkeka. Jana sikutoka kabisa, nilishinda naye nikisuka. Jioni akaamka usingizini, akaniangalia, akauliza, "Umerudi?"

Nikamwambia, "Nimerudi, mama."